Nihadithie Mwisho Wake

Siku hizi kwenye baraza za Lamu wapo vijana wanaoziba masikio. Mtu akianza tu kusema, "Jana nimetazama picha moja…", utaona kidole kimoja sikio la kulia, kingine la kushoto, na sauti juu: "Ami, usiniharibie, sijaiona!" Mzee aliyekuwa ameshajiweka vizuri, kikombe cha kahawa mkononi, hukatika hapo hapo. Hunywa kahawa yake akanyamaza. Mazungumzo huhamia kwenye bei ya mafuta ya boti, au kwenye mpira, ambao kwa bahati nzuri hauna siri kwa sababu matokeo yameshafika kwenye simu ya kila mtu kabla hajavaa viatu vyake pale msikitini.

Ada hii ya kuficha mwisho wa filamu imeingia mjini ikiwa imevaa kanzu ya adabu, na watu wenye adabu zao wameipisha bila kuiuliza inatoka wapi. Mimi naiuliza. Naona imeyapunguza mazungumzo yetu, na imezipunguza hata filamu zenyewe, maana filamu usiyoruhusiwa kuisema hadi mwisho huwezi kuisema kabisa. Utaanzaje kumjadili mtu kama alikuwa shujaa au mpumbavu bila kutaja alikofikia?

Wasikilize vijana wenyewe wanavyozungumza. "Umeitazama?" "Nimeitazama." "Vipi?" "Moto." "Moto vipi?" "We itazame tu." Basi, umekwisha uhakiki. Saa mbili na nusu za kazi ya mamia ya watu, waandishi, wapiga picha, washona nguo, zimefupishwa kuwa "moto". Na si kwamba vijana hawa hawana la kusema. Wanalo, na wengine wana jicho kali kuliko letu. Wamefungwa mdomo na sharti walilojiwekea wenyewe: wasiguse kitu chochote kinachotokea katika filamu. Ukiondoa yanayotokea, kinabaki nini? Magari, milio, na nguo za stelingi.

Linganisha na Titanic. Filamu ile ya James Cameron ilitoka mwaka 1997 ikazoa tuzo 11 za Oscar, na mwisho wake ulikuwa umejulikana na dunia nzima tangu Aprili 1912. Meli inazama. Hakuna aliyeweza kukuharibia. Na kwa kuwa hapakuwa na la kuficha, watu wa bahari wa hapa kwetu waliivaa filamu ile na kuipekua kama walivyozoea kukipekua chombo kilichopandishwa pwani. Fundi mmoja wa Matondoni, mtu ambaye maisha yake yote ameyamaliza kwenye mbao na kalafati, hana habari na mapenzi ya Jack na Rose. Yeye hurudi kwenye mashua za kuokolea: mashua 20 kwa watu zaidi ya 2,200, na zote zingejazwa sawasawa zingewabeba kama 1,178 tu. "Sasa hapo," husema, "muuaji ni barafu au ni aliyetia sahihi?" Halafu huja kwenye ule ubao wa mwisho aliojiokolea Rose baharini, ambao dunia nzima imebishana kama ungeweza kuwabeba wawili. Watu wa mjini hupima nafasi. Fundi hupima uzito: ubao waweza kuwa na nafasi ya watu wawili na usiwaweze. Miaka mingi baadaye, mwaka 2023, Cameron mwenyewe alionyeshwa katika makala ya televisheni akiyafanyia majaribio maswali hayo hayo, kwa watu walioingizwa ndani ya maji baridi. Matondoni walikuwa wameshalimaliza bila ya maji baridi.

Lakini filamu ambayo nimeisikia ikichambuliwa vizuri kuliko zote hapa kwetu ni Captain Phillips ya mwaka 2013, aliyoiongoza Paul Greengrass, Tom Hanks akiwa nahodha. Nayo haikuwa na siri. Mwisho wake ulikuwa umeshatangazwa redioni miaka minne kabla: Aprili 2009 meli ya mizigo Maersk Alabama, ikiwa njiani kuja Mombasa, ilitekwa na vijana wanne wa Kisomali, watatu wakauawa kwa risasi na wanajeshi wa majini wa Marekani, wa nne akapelekwa New York na kuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 33. Tuliokaa kuizungumza tulijua yote hayo. Kwa hivyo ikabidi tuzungumze mengine, na mengine ndiyo yaliyokuwa na maana.

Mvuvi mmoja aliuliza kwa nini kamera inaanzia nyumbani kwa nahodha, ikapanda naye gari pamoja na mkewe, ikayasikiliza mazungumzo yao kuhusu watoto, na kule Somalia ikaishia ufukweni na mabunduki. Yule Muse, kiongozi wa watekaji, hana mama? Hana mtu wa kumuuliza usiku umekula? Mwingine, ambaye ana jamaa zake Kismayu kama walivyo nao Wabajuni wengi, alikuwa akiwasikia wale vijana kwa Kisomali chao kabla ya kuyafikia maandishi ya chini ya skrini, na alikuwa akicheka mahali ambapo sisi wengine tulikuwa tumenyamaza kwa hofu. Alituambia kwamba jinsi wanavyotukanana wale ndani ya mashua ndivyo wanavyotukanana mabaharia wowote waliochoka na wenye njaa. Hilo peke yake liliibadilisha filamu. Tulikuwa tumetazama majambazi, tukaanza kutazama wafanyakazi wa chombo kibovu chenye tajiri asiyeonekana.

Tena haya yalikuwa yakisemwa na watu wenye haki ya kuwa na hasira. Mwaka 2011, Septemba na Oktoba, wageni walitekwa Kiwayu na Manda. Watalii wakatukimbia, na baadaye uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa sababu za usalama. Mvuvi wa Lamu aliyezuiwa kutega nyavu usiku kwa makosa ya watu asiowajua, akimtazama kijana ndani ya mashua ndogo akiikimbilia meli kubwa, hamwoni kama anavyomwona mtazamaji aliyekaa Ohio. Wala hakumtetea. "Mwizi ni mwizi," alisema yule aliyeuliza kuhusu mama. Lakini hakukubali pia kwamba nahodha ni shujaa hivi hivi tu, na alikuwa na hoja: baada ya tukio lile baadhi ya mabaharia wa meli ile walifungua kesi, wakidai kwamba maonyo ya kukaa mbali na pwani ya Somalia yalipuuzwa. Filamu inalipitia hilo haraka haraka. Baraza haikulipitia haraka.

Na Barkhad Abdi, aliyemwigiza Muse, alikuwa dereva huko Minneapolis, hajawahi kuigiza filamu yoyote, akaenda kwenye usaili wa wazi akachukuliwa, akaishia kuteuliwa kuwania Oscar na kushinda BAFTA, tuzo ya Waingereza. Hilo nalo lilizua mjadala wake, wa nani hupewa nafasi ya pili Hollywood na nani hupewa bunduki tena. Siwezi kuufikiria mjadala kama ule ukifanyika mbele ya mtu aliyeziba masikio.

Sasa, siri hii imetoka wapi? Ina tarehe na ina wenyewe. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alipotoa Psycho alizitaka kumbi zisimwingize mtu yeyote filamu ikishaanza, na matangazo yakawasihi watazamaji wasiwaambie wengine mwisho. Kabla ya hapo Wamarekani walikuwa wakiingia sinema saa yoyote, filamu iko katikati, wakakaa mpaka izunguke ifike pale walipoikutia, kisha wakajiendea zao. Kwa hivyo hata huko si ada ya mababu. Mwaka 2019 ndugu wawili waongozaji, Anthony na Joe Russo, waliwaandikia mashabiki barua ya wazi kuwaomba wasivujishe yaliyomo kwenye filamu yao, Avengers: Endgame. Ukiangalia vizuri ni biashara, na biashara si dhambi: filamu za namna ile huvuna sehemu kubwa ya pesa zake siku za mwanzo, na mtu anayeogopa kuharibiwa hukimbilia tiketi mapema.

Lakini Lamu tiketi gani? Ukumbi wa kisasa wa karibu ninaoujua uko Nyali, Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, baada ya kuvuka Mokowe na kupanda basi. Filamu hutufikia kwenye flashi, au mtu huivuta usiku kwa bando, wakati wenyewe huko zilikotoka wameshazisahau. Tunailinda wiki ya kwanza ya mauzo ya filamu ambayo kwetu haikuwa na wiki ya kwanza. Ningeelewa kama mtu angekuwa amelipwa kwa ulinzi huo.

Zaidi ya hayo, bando ni pesa. Mmoja akiitazama na akaja kuihadithia vizuri, baraza nzima imetazama. Hivi ndivyo filamu zilivyoishi hapa siku zote. Zama za Majestic, Regal na Naaz kule Mombasa, mtu aliyekwenda mjini kwa shughuli zake alirudi na sinema mdomoni, na alikuwa akingojewa. Mzee mmoja wa Langoni huniapia kwamba aliisikia Sholay ikisimuliwa miaka kadhaa kabla ya kuiona, na siku alipoiona alikasirika, kwa sababu msimulizi wake alikuwa ameifanya tamu zaidi: aliongeza farasi, na jambazi Gabbar Singh wa barazani alikuwa na maneno mengi kuliko wa kwenye skrini.

Nibaki kidogo kwenye Sholay, maana ndani yake kuna jambo ambalo waziba masikio wangepaswa kulijua. Filamu ile ya Ramesh Sippy ilitoka Agosti 1975, India ikiwa katika hali ya hatari iliyotangazwa mwezi Juni mwaka huo huo. Katika mwisho uliopigwa picha kwanza, Thakur, polisi wa zamani aliyekatwa mikono yote miwili na Gabbar, anamuua adui yake kwa miguu, kwa viatu vyenye misumari. Wakaguzi wa serikali hawakutaka kuona aliyekuwa polisi akijichukulia sheria. Ikabidi mwisho upigwe upya: polisi wanawasili dakika za mwisho, wanamzuia Thakur, Gabbar anatiwa pingu. Huo ndio mwisho walioutazama watu kwa miongo, Mumbai na Mombasa. Mwisho wa awali ulizunguka kwenye kanda za magendo, na mwaka 2025 nakala iliyorejeshwa ikiwa nao ikaonyeshwa Bologna, Italia.

Basi niambie: aliyekuhadithia mwisho wa Sholay alikuhadithia upi? Na yule aliyeutazama mwisho wa kubandikwa alikuwa ameiona Sholay au hakuiona? Ameiona, bila shaka. Ameiona treni, ameuona uwanja wa mawe na Basanti akicheza juu ya vigae vya chupa, amemwona Jai akifa na sarafu yake yenye nyuso mbili zinazofanana. Filamu ilikuwa humo. Mwisho ulikuja afisa mmoja akaubadilisha na filamu ikabaki pale pale.

Kwa hakika, watu wanaojali mwisho kuliko sisi sote ni wakaguzi. Hapa Kenya, mwaka 2018, Bodi ya Kuainisha Filamu ilipoipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, mwongozaji alieleza kwamba alikuwa ametakiwa aubadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Akakataa. Mahakama Kuu ikaja kuifungua kwa siku saba tu, mwezi Septemba, ili iweze kukidhi masharti ya kupelekwa Oscar. Mada ya filamu hiyo, mapenzi ya wasichana wawili, ina mlango wake na siingii leo. Ninachokumbuka ni kwamba ilibishaniwa kila mahali na watu ambao hawakuiona na hawangeiona, na kila mmoja alikuwa na hakika ya yaliyomo.

Turudi kwa Wahindi. Sinema zao za zamani zilitazamwa na wazazi wetu mara nyingi kiasi cha kuzijua kwa moyo, na waliokuwa hawajui Kihindi hata neno waliimba nyimbo zake mwanzo mpaka mwisho. Nyimbo zilifika kabla ya filamu. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijenga sehemu kubwa ya jina lake kwa kutia maneno ya Kiswahili ndani ya tuni za filamu za Kihindi, na wapo waliokwenda kutazama sinema ili kuusikia "wimbo wa Bhalo" ukiimbwa na mwenyewe wa kwanza. Aliyekwenda hivyo alikwenda kukutana na kitu anachokijua. Raha yake ilikuwa hapo.

Halafu kuna DJ Afro, ambaye vijana wenyewe wanampenda. Yeye hukaa juu ya filamu ya karate au ya vita akakusimulia kwa Kiswahili chake cha Nairobi, na mara ngapi amekuambia huyu jamaa hamalizi dakika mbili, mtazame, na kweli hamalizi? Tanzania walikuwa na Lufufu akifanya kazi hiyo hiyo kabla yake. Sijasikia mtu akilalamika kuwa DJ Afro amemharibia filamu. Wanamlipa awaharibie. Kilichompa umaarufu ni kwamba ameingia ndani ya skrini na kukalia kiti ambacho zamani kilikuwa cha msimulizi wa baraza: ajuaye, atanguliaye, atiaye chumvi.

Na hapa kwetu Lamu kutaka hadithi tunayoijua ni jambo la zamani kuliko umeme. Muhammad Kijumwa alipoandika utendi wa Liyongo mwaka 1913 hakukuwa na mtoto wa visiwa hivi asiyejua kwamba Liyongo anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Siri imeshatoka, tena siri ya kuuza kweli kweli. Sasa sikiliza kinachofuata: Liyongo anaamka na sindano mwilini, anachukua uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta mshale, anakufa akiwa vile vile. Watu wa mji hawateki maji. Siku zinapita, wanachungulia kwa mbali, wanamwona amepiga goti na mshale wake, hakuna anayethubutu. Kiu inauma mji mzima kwa kumwogopa maiti. Mpaka anaitwa mama yake aende akambembeleze. Nimesikia hadithi hiyo tangu sijaota meno ya pili na bado pale kisimani nywele hunisimama. Kama kujua kungeua utamu, utendi usingefika kizazi cha pili.

Ningeweza kuutaja hata usomaji wa Maulidi kila mwaka pale Riyadha, watu wakitoka Pate, Malindi, Mombasa na mbali zaidi kuja kusikia wanachokihifadhi tayari, lakini sifananishi ibada na sinema, na sitaki kusakamwa Ijumaa.

Wataalamu nao wameligusa jambo hili. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa wasomaji hadithi fupi, wengine wakiambiwa mwisho kabla na wengine wasiambiwe. Walioambiwa wakazifurahia zaidi. Uchunguzi wa wengine baadaye ulipata kinyume. Kwa hivyo siutumii kama rungu.

Wapo watakaonijibu kwamba ziko filamu zilizojengwa juu ya siri moja, na ukiitoa umeliangusha jengo. Mfano mzuri ni Drishyam ya Kihindi, ya mwaka 2015, iliyotokana na ile ya Kimalayalam ya 2013. Kama hujaiona na wewe ni katika waziba masikio, ruka aya hii. Baba mmoja anaificha maiti ili kuikinga familia yake, polisi wanachimba kila mahali, hawaipati, na mwisho tunajua kwamba ameizika chini ya kituo chao kipya cha polisi. Nimekwisha kukuambia. Sasa itazame. Utakiona kituo kinajengwa mbele ya macho yako na hakuna anayekitazama. Utamwona mtu anapita mbele ya maafisa ukijua wamesimama karibu na nini. Aliyeitazama bila kujua alikuwa akitafuta maiti pamoja na polisi. Unayejua unamtazama baba, jinsi anavyovuta pumzi. Mimi niliona filamu ya huyo anayejua ndiyo nzuri. Rafiki yangu mmoja anakataa katakata, na kila tukikutana Mkunguni, mbele ya Ngome, tunaianza upya, jambo ambalo tusingeliweza kama mmoja wetu angekuwa anatunza siri.

Vivyo hivyo Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, Unguja ya miaka ya mwisho ya mkoloni. Waliokuwa wamesoma riwaya ya Adam Shafi waliingia wakijua, na ndio waliotoka na la kusema: nini kimeachwa, nani amepunguzwa, kwa nini. Wasiosoma walisifia picha za usiku na mvua.

Mahali ambapo vijana wana haki ni kwenye tamthilia ndefu. Ertuğrul ya Waturuki ilikwenda misimu mitano, 2014 mpaka 2019, na barazani hapa kila mtu alikuwa kipande chake: mmoja bado yuko na mahema, mwingine ameshafika kwenye ngome, wa tatu ameruka mbele kwa kukosa subira. Kumwambia mtu aliye njiani kwamba fulani atauawa, hali ana saa mia moja mbele yake za kumpenda huyo fulani, ni ubaya, nakubali. Lakini tazama kilichovunjika hapo. Zamani televisheni ilikuwa moja na saa ilikuwa moja. Citizen ilipokuwa ikionyesha Maria au Sultana, tamthilia za Rashid Abdalla na Lulu Hassan, mji ulikuwa umetazama usiku mmoja, na asubuhi wauza mahamri na wanunuzi wao walikuwa wameshagawanyika kambi mbili. (Tuliongea pia kwamba tamthilia zinazoigizwa Pwani haziwezi kuvuka wiki bila mganga, kana kwamba huku hakuna daktari wala mwalimu, lakini hilo ni la siku nyingine.) Simu imetuweka kila mmoja kwenye saa yake. Hatuna tena mahali tulipofika pamoja, na kuziba masikio ni njia ya kujipitishia upweke huo bila kuutaja jina.

Nalo lisemwe: baraza nayo ina makosa yake. Wapo wasimulizi wanaokalia maneno usiku mzima, umri wao ndio tiketi, kijana akitaka kusahihisha aambiwe akae kitako. Wapo waongo. Yupo mmoja anayehadithia filamu za Jackie Chan ambazo Jackie Chan mwenyewe hazijui. Kijana aliyechoka kusimuliwa vibaya simlaumu akitafuta namna ya kulifunga lile domo, ila amechagua namna inayowafunga wote.

Wanawake wa mji huu, kwa ninavyosikia kutoka upande wa pili wa mlango, hawana tatizo hili hata chembe. Wanatazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, kila mmoja kwa nafasi yake baina ya jiko na watoto, na aliyepitwa hutumiwa habari kwa sauti kwenye WhatsApp. Shangazi yangu ndiye bingwa wao. Huanza na mwisho. Habari yake ya juzi, niliyoisikia kwa kuwa simu ilikuwa imewekwa juu ya meza ya kukandia unga, ilianza hivi: "Ameolewa, lakini si na yule." Halafu akanyamaza kidogo, nikasikia anameza chai. Mikono yote ilikuwa imesimama ndani ya unga. "Sasa kaa," akasema, "nikupe kilichomfikisha huko."